Mtihani mkubwa wa muuguzi ni usiku wake wa kwanza peke yake

Ninyi wakimbizi wa ndani na ninyi mliowapokea nyumbani kwenu, leo nataka tuongee juu ya watoto wetu wanaosomea uuguzi. Kila mwaka, wakati juri ya taifa inapokaribia, mitaa yetu ya Butembo inajaa sauti zao. Unapita asubuhi na mapema, unasikia mmoja nyuma ya nyumba anasoma kwa sauti dalili za malaria kali. Unarudi jioni, mwingine amekaa chini ya taa ya simu na silabusi magotini. Wazazi wanafurahi na kusema: mtoto anasoma, atapata.

Nami nilisema hivyo kwa binti wa dada yangu. Alifika kwetu mwanzoni mwa Julai 2024, baada ya Kanyabayonga kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni. Alikuja kwa miguu mpaka Kirumba, kisha kwa gari la mizigo mpaka hapa. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na nguo mbili, koti lake jeupe la staji, na silabusi moja iliyolowa mvua. Kitabu chake cha staji, kile ambacho wakubwa wa kazi wanasaini kila mwanafunzi anapomaliza kazi fulani, kilibaki nyumbani. Hajui kama nyumba yenyewe bado imesimama.

Jirani yetu ni mama mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi katika vituo vya afya vya vijijini, sasa amepumzika. Jioni moja alikuja kuomba moto, akamkuta msichana anasoma. Akaketi, akamuuliza:

«Mwanangu, wamekuletea mtoto wa miaka 3, kilo 14. Anaharisha maji kama ya mchele, macho yameingia ndani, hawezi tena kunywa. Utafanya nini?»

Msichana akajibu bila kusita: «Mama, hiyo ni kolera yenye upungufu mkubwa wa maji. Nitamwekea serumu ya Ringer. Mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, ni 420. Kisha mililita 70 kwa kila kilo katika saa mbili na nusu, ni 980.»

«Vizuri. Matone mangapi kwa dakika, katika nusu saa ile ya kwanza?»

Akahesabu kwenye karatasi. Kama mpira wa serumu unatoa matone 20 kwa mililita moja, ni matone 280 kwa dakika.

Mama akacheka, si kwa ubaya. «Nani ana jicho la kuhesabu matone 280 kwa dakika? Unafungua mpira wote, unaangalia saa, unaangalia alama kwenye chupa, na mkono wako mwingine uko kwenye mpigo wa damu ya mtoto. Sasa niambie, umeshachoma sindano ya serumu kwenye mshipa wa mtoto mara ngapi?»

Msichana akanyamaza. Kisha akasema pole pole: «Hata mara moja, Mama. Kwenye staji tulikuwa wengi kwenye kitanda kimoja. Mimi nilikuwa ninaandika rejista na kuleta maji.»

Tangu jioni ile nimeuliza wanafunzi wengi, wa hapa na waliokimbia makwao. Jibu linafanana. Ndiyo maana ninaandika. Maoni yangu ni haya: tunawatayarisha watoto wetu kwa karatasi, lakini mikono yao hatuitayarishi. Na sisi wenyewe, tulio mbali na hospitali kubwa, ndio tutakaolazwa mbele ya mikono hiyo.

Mtu asifikiri kwamba ninaudharau mtihani. Wanafunzi wa uuguzi wa ngazi ya sekondari, wale tunaowaita A2, hawafanyi mtihani wa taifa pamoja na wenzao wa shule nyingine. Wanapita mbele ya juri ya taifa iliyo chini ya wizara ya Afya. Ni jambo la haki. Mtu atakayeshika dawa na damu ya watu lazima apimwe na wengine, si mwalimu wake peke yake. Yule asiyejua kwamba oksitosini inawekwa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8, atamchoma mama aliyejifungua dawa iliyokwisha nguvu, na mama atavuja damu huku yeye akiamini amefanya kazi yake. Kwa hiyo, kusoma lazima wasome, na tena sana.

Lakini angalieni kazi inayomngoja baada ya kupata. Hapa kwetu, wengi hawaanzi katika hospitali kuu ya rufaa yenye madaktari na maabara. Wanaanza katika kituo cha afya, au katika posti ndogo iliyo mbele zaidi, njia ya pikipiki ikiwa mvua imekubali. Daktari hayupo. Mkunga aliyesomea hayupo kila mahali. Usiku kuna muuguzi mmoja, labda na mfanya usafi, na taa ya sola inayozimika saa nane.

Sasa mama anajifungua. Mtoto ametoka, hapumui. Muuguzi ana dakika moja tu: amkaushe, amsugue mgongo, na kama bado hapumui, achukue mpira wa kupulizia hewa na maski, aanze. Wakati huo huo yule mama anahitaji sindano ya oksitosini, yuniti 10, kwenye dakika ile ile, na mtu wa kushika tumbo lake na kuona kama kizazi kimekaza. Damu ikifika nusu lita, hiyo ni hatari, na nusu lita ya damu kwenye kitenge cha rangi haionekani kama nusu lita ya maji ndani ya chupa. Jicho linajifunza kuipima kwa kuiona mara nyingi, mtu mkubwa akiwa pembeni anasema: hii ni nyingi, hii ni ya kawaida.

Silabusi haiwezi kufundisha hilo. Mahali pa kujifunzia ni staji. Kwa hiyo staji ikiharibika, mtihani unapima kitu kimoja na maisha yanadai kingine.

Na staji imeharibika wapi? Tusitafute mchawi mmoja. Kwanza, shule za uuguzi zimekuwa nyingi kuliko vitanda. Kila shule inatuma wanafunzi wake kwenye hospitali zile zile, wakati ule ule, kwa sababu wote wanaelekea kwenye juri moja. Nimeona kwa macho yangu wanafunzi tisa wamezunguka mgonjwa mmoja. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Na mgonjwa yule, mzee wa watu, amefunuliwa mbele ya watoto wenye umri wa wajukuu wake bila mtu kumwomba ruhusa.

Pili, muuguzi anayetakiwa kuwafundisha amechoka. Wengi kati yao hawana namba ya matrikule, hawapati mshahara wa serikali, wanaishi kwa primu ya hospitali inayotoka kwenye pesa za wagonjwa. Ana wagonjwa zaidi ya uwezo wake, kisha unampa wanafunzi tisa na humpi hata muda. Atafanya nini? Atawatuma kuchota maji, kufagia, kupeleka vipimo maabara. Kazi hizo si aibu, muuguzi lazima azijue. Lakini mwezi mzima wa ndoo si staji.

Tatu, na hili linauma: kuna saini zinazouzwa. Mwanafunzi hakufika, au alifika na hakufanya kitu, lakini kitabu chake kimejaa saini. Wazazi, tusijifanye hatujui. Kuna mzazi anayetoa pesa ya saini huku akisema anamsaidia mtoto wake. Kuna wengine, juri ikikaribia, wanaochangia pesa kununua maswali kwa watu wa kwenye simu wanaodai wameyapata mapema. Mara nyingi ni uongo mtupu, pesa zinaliwa. Na hata kama yangekuwa ya kweli, umenunua nini? Umenunua cheti kitakachompeleka mtoto wako mbele ya mama anayevuja damu, bila kumpa ujuzi wa kumwokoa. Mama huyo anaweza kuwa binti yako mwingine.

Nne, vita. Binti wa dada yangu hayuko peke yake. Kutoka kusini mwa Lubero, kutoka Beni vijijini, kutoka Ituri, kuna wanafunzi waliokatwa katikati ya staji. Wengine shule yao imefungwa, wengine mkurugenzi amekimbilia upande mwingine, rejista za shule hazijulikani ziko wapi. Wanapofika hapa wanaambiwa: leta kitabu cha staji, leta bulteni, leta barua ya shule ulikotoka. Mtu aliyekimbia risasi na mdogo wake mgongoni ataleta nini? Kuna wanaoanza mwaka upya. Kuna wasichana wanaoacha kabisa, wanauza mandazi kando ya barabara, huku vituo vya afya vinavyohudumia wakimbizi vinatafuta mikono.

Najua kuna watakaosema: wewe mwandishi, nchi inawaka moto, watu wanalala chini ya mashitingi, na unatuletea habari za staji? Ninawajibu kwa kitu tulichokiona sote. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, na haikutangazwa kuisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa, katika Beni, Mabalako, Katwa, hapa Butembo na kwingine. Wauguzi walikuwa kati ya waliougua na kati ya waliokufa. Ugonjwa ulipita pia katika vyumba vya kutibia vya mitaani, pale ambapo glavu moja ilitumika kwa wagonjwa wawili na mikono ilioshwa haraka haraka. Kuosha mikono na kuvua glavu bila kujichafua kila mwanafunzi anaweza kuandika kwenye karatasi ya mtihani na kupata pointi zote. Kufanya hivyo mara arobaini kwa siku, umechoka, mgonjwa analia, hiyo ni desturi ya mwili, na mwili unaipata kwa kurudia. Vita na magonjwa ndivyo vinavyofanya staji kuwa jambo la haraka. Mahali ambapo watu wamesongamana, maji ni machache na kolera inapiga hodi, muuguzi mchanga ndiye anayekutana nayo wa kwanza.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Ninaona mambo ambayo hayangoji Kinshasa.

Kwa mashule na hospitali: kaeni pamoja mbele ya mganga mkuu wa zoni ya afya mgawane majira. Si lazima shule zote zilete watu wao asubuhi ile ile. Usiku pia ni staji, na ndio usiku mwanafunzi atakaofanyia kazi. Wapeni pia vituo vya afya vya pembeni, si hospitali kubwa tu, kwa sababu huko ndiko atakakoajiriwa. Pale kituoni ataona jinsi muuguzi mkuu anavyofuata ordinogramu anapomchunguza mtoto, anavyojaza rejista na ripoti ya mwezi, anavyohesabu dawa zilizobaki, anavyoandika karatasi ya rufaa ambayo daktari akiisoma anaelewa. Kikundi kwa muuguzi mmoja kiwe kidogo, watatu au wanne. Na ile pesa ya staji ambayo wazazi wanalipa shuleni, sehemu yake imfikie anayefundisha kitandani, mbele ya macho ya wote, kwa karatasi. Mtu anayelipwa kwa haki ana sababu ndogo ya kuuza saini.

Kitabu cha staji nacho kibadilike jinsi tunavyokitumia. Saini isiwe ya siku alizohudhuria, iwe ya kazi aliyofanya kwa mkono wake: serumu kwa mtu mzima, serumu kwa mtoto, uzazi aliofuata kwa partogramu tangu mwanzo mpaka mwisho, mtoto aliyepimwa uzito na muda wa kupumua, kidonda alichosafisha, dawa aliyohesabu kwa kilo. Kama mwanafunzi hajafanya, nafasi ibaki tupu. Nafasi tupu ni kitu kizuri, inaonyesha mahali pa kurudi.

Kwa wanafunzi wenyewe. Wanangu, someni kwa kesi, si kwa orodha. Kaeni watatu: mmoja awe mgonjwa, mmoja awe muuguzi, mmoja ashike silabusi na kukosoa. Hesabu za dawa zifanyeni kila siku, bila simu, kwa sababu simu itaishiwa moto. Mfano mdogo: chupa ya mililita 500 iingie katika saa 4, kwa mpira wa matone 20. Mililita 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Jibu ni karibu matone 42 kwa dakika. Ukiweza hiyo ukiwa na usingizi, unaiweza. Kwenye juri, soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ukiulizwa utaanza na nini, usiandike kila unachojua. Andika kile ambacho mgonjwa atakufa asipokipata, kisha kinachofuata. Na usiku wa kuamkia mtihani, lala. Kichwa kilichokesha kinachanganya mililita na miligramu.

Kwa wanafunzi waliokimbia makwao, na kwa familia zao. Kama kitabu chako cha staji bado unacho, kipige picha leo, kila ukurasa, na umtumie mtu wenu aliye mji mwingine. Fanya vile vile kwa bulteni na cheti cha kuzaliwa. Kama umepoteza vyote, usikae nyumbani kwa aibu. Nenda kwenye shule iliyo karibu ukiwa na mtu mzima anayekufahamu, nenda kwenye ofisi ya zoni ya afya, sema jina la shule yako, mwaka uliokuwa, na hospitali ulizofanyia staji. Andika majina ya waliokufundisha. Wengine kati yao wamekimbia pia, huenda wako kambi ya jirani.

Na kwa wakubwa wa shule na wa afya, ombi langu liko wazi: mwanafunzi asiye na karatasi, mpimeni mikono. Mwekeni siku mbili kitandani na muuguzi mnayemwamini. Atakayesema anajua na hajui, mtamwona kabla ya saa sita mchana. Anayejua, mpeni nafasi amalize, na karatasi zitafutwe akiwa kazini. Sijasema mlango ufunguliwe kwa kila mtu. Nimesema kipimo kiwe kile ambacho vita haviwezi kuchoma.

Sasa tufike kwenye kazi ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanavunjika. Tuwaambie watoto ukweli kabla hawajamaliza. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, nchi yetu ina baraza la wauguzi, lile tunaloliita Ordre, na muuguzi anatakiwa kuandikishwa humo ili afanye kazi yake kihalali. Tayarisha faili lako mapema: diploma au hati inayoishikia nafasi, nakala zilizothibitishwa, picha. Mshahara wa serikali unaweza kuchelewa miaka. Utaanza kwa primu, na mwezi ambao wagonjwa hawana pesa, primu itakuwa ndogo. Katika maeneo yaliyojaa wakimbizi, miezi hiyo ni mingi. Mtoto asiyeambiwa hivi atajifunza peke yake njia mbaya: kuuza dawa za kituo mfukoni, au kumshikilia mama aliyejifungua kwa sababu ya deni. Anayeambiwa mapema anaweza kujipanga: shamba kidogo, kuku, likelemba na wenzake. Si aibu, wauguzi wakubwa tunaowaheshimu wameishi hivyo.

Na wakubwa wa vituo, nawaomba jambo moja tu, ambalo haligharimu pesa: mwezi wa kwanza, msimwache muuguzi mpya peke yake usiku. Wengi wanafanya hivyo kwa sababu wakongwe wamechoka na kijana ana nguvu. Lakini usiku wa kwanza wa mtu peke yake unaweza kumharibu. Namfahamu mmoja aliyempoteza mama katika juma lake la pili. Hakuwa mvivu, alifanya alichojua, pikipiki ya rufaa ilifika alfajiri. Leo anauza vocha za simu. Hatujampoteza mama mmoja tu pale, tumempoteza na muuguzi.

Kwako wewe muuguzi mpya, neno «sijui» lisikuogopeshe. Sema sijui mapema, piga simu kwa mkubwa wako mapema, andika rufaa mapema. Mgonjwa hafi kwa sababu uliuliza. Anakufa kwa sababu uliona haya kuuliza mpaka kukapambazuka. Na mgonjwa aliyetoka kambini, aliyevaa vitenge viwili vya msaada na hana hata franka moja, mwite mama au papa kama unavyomwita mwenye nyumba ya ghorofa. Mwombe ruhusa kabla ya kumgusa. Huenda mwaka jana alikuwa na shamba kubwa kuliko la baba yako.

Sisi wagonjwa tuna sehemu yetu pia. Wengi tunakataa mwanafunzi asituguse, tunasema: leteni mganga wa kweli. Ninaelewa woga huo. Lakini kama mwanafunzi ameomba kwa adabu, na mkubwa wake amesimama pembeni, mkubalieni. Mishipa yenu ndiyo shule. Mkono unaotetemeka leo mbele ya mkubwa hautatetemeka kesho ukiwa peke yake kijijini kwenu, siku mtakaporudi.

Narudi kwa binti wa dada yangu. Yule mama jirani hakuondoka jioni ile na moto tu. Tangu siku hiyo msichana anaenda kwake kila jioni baada ya kupika. Wanatumia mpira wa serumu wa zamani uliotobolewa, chupa ya maji, mwanasesere wa matambara aliyefungwa kamba mahali pa kitovu. Juma lililopita kituo cha afya cha mtaa kilikubali kumpokea mara tatu kwa juma, usiku, chini ya muuguzi mmoja mkongwe, ingawa kitabu chake cha staji ni daftari jipya la shule lenye mistari. Jumatano usiku alimwekea serumu mtoto wa kwanza. Alikosa mshipa mara moja, akapata mara ya pili. Mama wa mtoto, mkimbizi kama yeye, alimshika mkono.

Alirudi asubuhi, akaandika kwenye daftari: serumu kwa mtoto, moja. Muuguzi mkongwe alikuwa amesaini. Bado kuna nafasi nyingi tupu chini yake, na juri haiko mbali. Kama wewe unayesoma au unayesikiliza ni muuguzi, uwe kazini au umepumzika, na mtaani kwako kuna mwanafunzi anayekariri peke yake nyuma ya nyumba, usipite tu. Ketini, umwulize amefanya mara ngapi.